Kadi ya Kumi na Saba

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na meza ikishafutwa, nyumba ile iligeuka mahakama. Bibi alivuta kiti chake karibu ili asikose neno. Mama aliketi upande mmoja wa meza, mikono ameilaza mapajani kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Upande wa pili aliketi binti yake wa miaka kumi na miwili, mbele yake bunda la kadi lililofungwa kwa mpira. Kwa jinsi alivyokuwa mkali wa kutoa maksi, hakuna mtu wa nyumba ile aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Hakimu, na alilipenda jina hilo kupita kiasi.

Mama alikuwa fundi wa ndege. Kwa miaka tisa alikuwa akitengeneza ndege ndogo katika karakana ya kiwanja kilichokuwa mwendo wa robo saa kutoka nyumbani. Injini alizijua hata kwa sauti. Lakini kila alipomaliza kazi, ilibidi aje mtu mwingine kuikagua na kutia saini, kwa sababu yeye hakuwa na leseni ya kuiruhusu ndege iruke. Alibakiwa na mtihani mmoja tu aipate, nao haukuwa mtihani wa spana wala bisibisi. Ulikuwa mtihani wa sheria za usafiri wa anga: nani anaruhusiwa kugusa nini, nani anasaini wapi, kipi lazima kiandikwe. Kitabu chake kilikuwa kinene hasa. Siku moja Bibi alikitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo, Mama akanuna mpaka wakati wa chakula.

Mtihani huo Mama alishafeli mara moja. Mara ya pili ilikuwa Jumatatu inayokuja, na aliyefeli mara mbili angesubiri mwaka mzima. Kwa hiyo Hakimu hakuwa na mzaha.

"Kadi ya kumi na saba," alisoma jioni ya Jumatano. "Fundi amegundua kwamba amekosea. Hakuna aliyemwona. Afanye nini kwanza?"

"Arekebishe kosa lake haraka," Mama akajibu bila kusita.

"Umekosa!"

"Nimekosa nini tena?"

"Kitabu kinasema atoe taarifa kwanza, kisha ndipo kosa lirekebishwe. Mama, hii ni mara ya nne unaikosa kadi hii."

"Jamani! Mtu kosa lake analiona, badala ya kulimaliza aanze kwenda kulitangaza? Si kupoteza muda huko?"

"Mimi sikukiandika kitabu, Mama."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya khanga. "Mpe sifuri huyo, mjukuu wangu! Ndivyo alivyo tangu utotoni. Alinivunjia jagi langu, akaliunga kwa gundi ya karatasi, akalirudisha kabatini kimya kimya. Siku ya wageni namimina maji, jagi likaachia. Nilioga mbele za watu bila kupenda."

Hata Mama alicheka. Kadi ya kumi na saba ikawekwa kwenye fungu la kadi za kurudia, mahali ilipozoea kukaa.

Kesho yake, Alhamisi, Mama alitumwa kwenye kiwanja kingine cha mbali kutengeneza ndege iliyokwama. Alirudi jua limeshazama, akaja moja kwa moja nyumbani na sanduku lake la vifaa, ambalo siku zote hulala karakanani. Hakimu alikuwa hajawahi kuliona kwa karibu namna ile. Ndani kulikuwa na trei za sponji nyeusi, na kila kifaa kilikatiwa nafasi yenye umbo lake, bisibisi kwenye nafasi ya bisibisi, koleo kwenye nafasi ya koleo. Vilikuwa vifaa arobaini na tatu. Kimoja kilimvutia kuliko vyote: kioo kidogo cha mviringo kwenye mpini mwembamba uliovutika kama antena ya redio, cha kuangalia nyuma ya injini mahali ambapo kichwa cha mtu hakiingii.

Sasa, mchana ule Bibi alikuwa amemsuka Hakimu nywele kwa mtindo mpya, na kila aliyemwona alimsifia kisogo. Yeye mwenyewe, mwenye kisogo, alikuwa hajakiona. Mama alipokwenda kuoga, alikichomoa kile kioo, akasimama mbele ya kabati la nguo, akakirefusha mpini nyuma ya kichwa chake, akageuka kushoto, akageuka kulia. Lo! Alipendeza kweli. Akawaza kwamba rafiki yake wa dawati moja lazima naye akione kifaa kile cha ajabu. Akakitia kwenye begi la shule.

Asubuhi Mama aliamka alfajiri kusoma, akazama kwenye kitabu mpaka saa zikampita. Alipotazama ukutani aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Alibeba sanduku mkono mmoja na viatu mkono mwingine, akatoka mbio. Hakimu alikuwa bado anapiga mswaki.

"Nitakirudisha jioni," alijiambia. "Ni kioo tu."

Kila siku baada ya masomo Hakimu alikwenda karakanani, akakaa kwenye benchi la ofisi kufanya kazi za shule hadi Mama atoke. Ofisi ilikuwa na dirisha pana la kioo lililotazama ndani ya karakana. Sakafuni palichorwa mstari wa njano, na asiye fundi hakuruhusiwa kuuvuka hata kwa kidole cha mguu. Ijumaa ile aliingia saa tisa na nusu, akaweka begi miguuni, akatoa daftari la hesabu. Ndege nyeupe ya abiria kumi na wawili ilikuwa imesimama katikati ya karakana. Ilitakiwa iondoke saa kumi kamili.

Msimamizi wa karakana alikuwa mzee mmoja mrefu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Mafundi walimwita Bwana Rudia. Jina hilo alilipata kihalali. Kila kazi ilipokwisha, kabla ndege haijatolewa nje, vifaa vyote vilihesabiwa mbele yake, na hata hesabu ikiwa sawa, alisema "Rudia." Kifaa kikisahaulika ndani ya injini, alikuwa akieleza, hewani hakuna pa kuegesha ndege mtu ateremke kukitafuta.

"Arobaini na mbili," Mama akasema, sauti ikapenya dirishani.

"Rudia."

Mama akahesabu tena, kidole kikigusa kifaa kimoja kimoja. Safari hii alikwenda polepole.

"Arobaini na mbili. Kioo hakipo."

Kalamu ilimponyoka Hakimu. Kutoka pale alipokaa aliiona trei ya juu, na katikati ya vyuma vinavyong'aa aliiona nafasi moja tupu, duara dogo lenye mkia mrefu. Kioo chenyewe kilikuwa kati ya miguu yake, kwenye begi, chini ya sanduku la chakula.

Aliinama kufungua zipu. Ndipo macho yake yakaangukia mezani, ambako daftari la vifaa lilikuwa wazi. Kwenye mstari wa leo, safu ya asubuhi, paliandikwa: *Vifaa 43, vimehesabiwa, vyote vipo.* Chini yake ilikuwa saini ya Mama.

Hakimu aliutazama mstari ule mpaka herufi zikaanza kucheza. Kioo kilikuwa begini tangu jana jioni, kwa hiyo asubuhi sandukuni mlikuwa na vifaa arobaini na viwili. Mama hakuhesabu. Alichelewa, akasaini tu.

Kadi zote za mezani alizijua kwa moyo, na ile ya tisa aliijua vizuri mno: *Anayesaini kazi ambayo hakuifanya anaweza kuzuiwa kufanya mtihani, au kunyang'anywa leseni.* Leo ilikuwa Ijumaa. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

Huko ndani mambo yalikuwa yamechacha. Bwana Rudia alisimamisha kila kitu. Mafundi wawili waliokuwa wakiazima vifaa vya Mama mchana kutwa wakajipapasa mifuko, wakainama chini ya meza, wakapekua hata pipa la matambara. Hakuna kitu. Rubani akaja kutoka ukumbi wa abiria, kofia kwapani.

"Vipi, jamaa? Abiria wameanza kuniuliza kama ndege ni mbovu."

"Ndege haitoki," Bwana Rudia alimjibu. "Kioo hakionekani. Mpaka nikione kwa macho yangu, haitoki. Fungueni vifuniko vya injini, vyote viwili."

Kisha akamgeukia Mama. "Asubuhi ulihesabu?"

Mama alifuta mikono kwenye tambara. "Nilisaini," akasema.

Hakimu alilijua jibu la namna hiyo. Mara ngapi alikuwa amelisikia mezani, jibu la mtu anayekwepa swali kwa kujibu jingine! Lakini Bwana Rudia alikuwa ameshageuka kuagiza ngazi.

Sasa shetani akaanza kumnong'oneza Hakimu. Mafundi wote walikuwa upande wa pili wa ndege. Gurudumu la mbele lilikuwa hatua tatu tu kutoka mstari wa njano. Akikisukuma kioo sakafuni kiteleze mpaka chini ya gurudumu, mtu atakiona, atapiga kelele "Hiki hapa!", ndege itaruka, Mama atafanya mtihani wake, na hakuna atakayejua lolote. Kosa litakuwa limerekebishwa.

Alikitoa kioo, akakificha kwenye mkono wa sweta. Akatoka ofisini, akasimama mbele ya mstari. Kutoka hapo alimwona Mama juu ya ngazi, mkono umezama ndani ya injini hadi begani, uso umegandamizwa kwenye chuma, anapapasa na kupapasa. Alipoutoa mkono, ulikuwa umechubuka kuanzia kiwiko hadi kifundo, na damu ilikuwa ikimchuruzika. Aliifuta kwenye suruali, akauingiza mkono tena.

Anatafuta kitu ambacho hakipo, na mimi nimekishika! Hakimu aliwaza.

"Mama!" sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Mama, usitafute! Ninacho mimi!"

Alikinyoosha kile kioo juu ya mstari wa njano bila kuuvuka, kana kwamba anampa mtu aliye ng'ambo ya mto. Fundi mmoja akashusha pumzi kwa nguvu mpaka wenzake wakamtazama. Rubani akasema, "Alhamdulillahi," na kofia akairudisha kichwani.

Bwana Rudia alikuja taratibu, akakichukua, akakigeuza geuza. Hakufoka. Laiti angefoka.

"Umekichukua lini, mwanangu?"

Hakimu alimtazama Mama aliyekuwa akiteremka ngazi, akalikumbuka lile daftari. Neno moja tu lingetosha. Akisema leo mchana, basi asubuhi vifaa vilikuwa vyote, daftari ni kweli tupu, na mwenye makosa ni mtoto mtundu mmoja. Adhabu angeimeza.

"Leo," akasema. "Leo mchana. Sanduku lilikuwa karibu na mlango, nika..."

"Hapana."

Alikuwa Mama. Alikuwa amefika chini, mkono unavuja damu, macho yake yamemkazia binti yake. Aliitazama ile misuko ya nywele iliyosukwa jana, akaitazama nafasi tupu kwenye trei, na yote akayaelewa.

"Hapana, Bwana Msimamizi. Sanduku halikuwa mlangoni mchana. Jana lililala nyumbani kwangu, na huko ndiko alikokichukua. Asubuhi nilichelewa. Sikuhesabu. Nilisaini tu." Alivuta pumzi. "Uliponiuliza, nilikujibu kwa ujanja. Ningekwambia pale pale, tungeanza kutafuta nyumbani, na hawa wenzangu wasingefungua injini."

"Mama, mtihani!" Hakimu alilia waziwazi sasa. "Watakuzuia!"

"Wakinizuia, wanizuie," Mama akasema. "Bora nikose leseni kuliko kuipata wewe ukiwa umedanganya kwa ajili yangu."

Bwana Rudia alivaa miwani yake, akawatazama wote wawili kwa zamu. Akakirudisha kioo kwenye nafasi yake.

"Rudia," akasema.

Mama akahesabu kwa sauti, huku akivuta kamasi. Arobaini na tatu. Akaambiwa arudie. Arobaini na tatu. Mafundi wakavifunga vifuniko vya injini, na Bwana Rudia akavikagua mwenyewe parafujo moja moja kabla ya kutia saini. Saa kumi na dakika hamsini ndege ilivutwa nje, abiria wakapanda. Mwanamke mmoja mwenye kitenge alimuuliza rubani kwa sauti kama kweli ndege ile ni nzima. Rubani akamwambia leo imekaguliwa mpaka imechoka.

Ofisini hakukuwa na wa kucheka. Bwana Rudia aliandika taarifa ukurasa mzima, akaisoma kwa simu kwa afisa usalama wa kampuni. Mama alisimama. Hakimu alikaa benchini, mikono chini ya mapaja, akimsikiliza mzee akisema "Ndiyo", kisha "Ndiyo, bwana".

"Hapana," Bwana Rudia akasema kwenye simu. "Hakukamatwa. Amesema mwenyewe. Ndiyo, mbele ya mafundi wote, na wakati uongo ulikuwa umeshaandaliwa na ungempendeza kila mtu." Akasikiliza tena. "Sawa. Nitamwambia."

Akaweka simu mezani. Akaivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kuna watu wanaojua kuwatesa wenzao bila kunuia.

"Kwa miezi mitatu," akasema, "kila unapohesabu vifaa, fundi wa pili atasimama kando yako na kusaini naye. Sanduku halilali tena nyumbani kwa mtu. Onyo lako litakaa kwenye faili."

"Ndiyo, bwana."

"Na Jumatatu uwahi kwenye mtihani. Mlango unafungwa saa mbili kamili, na wewe ninakufahamu."

Mama alikaa chini ghafla, kwenye benchi, karibu amkalie Hakimu. Walikumbatiana pale pale, wanalia na kucheka kwa pamoja, damu ya mkono wa Mama ikilichafua sweta la shule, na hakuna aliyejali.

"Wewe msichana, hebu simama," Bwana Rudia akasema, safari hii kwa upole. "Unadhani sheria hizi ziliandikwa kwa sababu ya watu wabaya?"

"Sijui, babu."

"Ziliandikwa kwa sababu ya watu wazuri siku wanapochelewa. Mama yako ni fundi mzuri. Lakini leo nilikuwa siwezi kujua kama kioo kiko kwenye injini au hakiko, kwa kuwa daftari lilisema jambo ambalo halikuwa kweli. Kosa likisemwa, tunajua pa kuanzia. Likifichwa, hata kwa nia njema, tunafungua injini mbili kutafuta kitu kilicho kwenye begi la shule. Na kesho daftari likisema kweli, nani ataliamini? Umeelewa?"

"Nimeelewa. Nisamehe, babu. Nilikichukua bila ruhusa. Halafu nikasema uongo."

"Mimi nimekusamehe. Wenzangu wale waliofungua parafujo themanini na kuzifunga tena, sina hakika."

Hakimu alikwenda mpaka kwenye mstari wa njano, akawaomba radhi mafundi mmoja mmoja, akiwaeleza kwamba alitaka tu kukiona kisogo chake kilichosukwa. Walimsamehe, ila mmoja alimtaka ageuke aone kama hicho kisogo kilistahili usumbufu wote ule. Aligeuka, aibu tele. Fundi akasema si haba.

Jumatatu Mama aliondoka nyumbani saa kumi na mbili unusu. Alirudi mchana, akapitiliza hadi kwenye kiti cha Bibi, akajibwaga.

"Ilikuja," akasema.

"Nini?" Hakimu akauliza.

"Kadi yako ya kumi na saba. Swali la tatu, neno kwa neno. Fundi amegundua kwamba amekosea, hakuna aliyemwona, afanye nini kwanza." Akacheka kidogo. "Sikuhitaji kufikiri. Nilijitazama mkono tu."

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili, na Mama alifaulu. Bibi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Baadaye, kelele zilipotulia, Mama alimwita Hakimu mezani, mahali pale pale pa mahakama yao. Akalifungua bunda la kadi, akaichomoa ile ya kumi na saba, akamkabidhi.

"Hii ibaki na wewe," akasema. "Miaka yote niliyosoma shule nilidhani mtu mwaminifu ni yule asiyekosea. Siyo, mwanangu. Utakosea sana, kama mimi. Mwaminifu ni yule anayekuwa wa kwanza kusema amekosea, kabla hajaulizwa, hata kama anaweza kulificha kosa lake. Usingoje mpaka mtu aumie ndipo useme. Na usiseme uongo kwa ajili yangu tena, hata siku moja."

"Sitasema, Mama."

"Haya. Kuna jingine lolote ambalo ningepaswa kujua?"

Hakimu aliitazama kadi iliyokuwa mkononi mwake. Akamtazama Bibi, kisha akarudisha macho kwa Mama.

"Lipo," akasema. "Lile jagi jipya la Bibi, la bluu. Lina ufa. Ni mimi."

Bibi alisimama kwenda kabatini. "Umeliunga kwa gundi?" akauliza kwa wasiwasi.

"Hapana, Bibi. Bado sijaligusa. Nimeanza kwa kutoa taarifa."